Kufunga na Kufungwa

Neno kufunga lina kazi nyingi katika lugha yetu. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, ndoa hufungwa, na mtu mwovu hufungwa gerezani. Lakini mtu aliye katika saumu hasemi kuwa amefungwa, husema amefunga. Tofauti ya maneno haya mawili ni herufi moja tu, nayo imebeba jambo kubwa. Katika kufunga mtu ni mtenda. Katika kufungwa mtu ni mtendwa. Njaa ya wote wawili yaweza kuwa sawa kabisa tumboni, lakini si sawa moyoni, wala si sawa mbele ya haki.

Nimelifikiri jambo hili tangu mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa muda wa miezi mitatu, toka tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Siku za kufungwa huko nilifika katika mwalo wa Katonga, nikasikia watu wawili wakilitaja tendo moja kwa namna mbili. Mmoja, mtu wa ofisi, alisema, "Tumefunga ziwa." Wa pili, mama mmoja aliyeishi kwa kuanika dagaa, alisema, "Tumefungwa." Wote wawili walisema kweli. Ninalotaka kulipima hapa ni kama kweli hizo mbili zaweza kukaa katika nyumba moja bila ya moja kuifukuza nyingine.

Sababu za kufunga hazikuwa za mzaha. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kilindi chake hufika karibu mita 1,470. Katika dunia nzima hakuna ziwa lenye kina kulipita ila Baikal la Urusi. Nchi nne hutia mkono katika bakuli hili moja: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Samaki hana cheti cha kusafiria. Akilala Kigoma aweza kuamkia upande wa Kalemie, na nchi moja ikijinyima peke yake huwa imewawekea jirani zake akiba ya kitoweo. Kwa sababu hiyo nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa mjini Dar es Salaam mwaka 2003, na baadaye likaundwa baraza lao la pamoja, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambalo makao yake yako Bujumbura. Kufunga kwa mwaka 2024 kulitokana na mashauri ya namna hiyo. Hapakuwa na afisa mmoja aliyeamka asubuhi akawaza kuwatesa wavuvi.

Kwamba samaki wamepungua, sijakutana na mvuvi apingaye. Kuna sababu mbili, na yafaa tusizichanganye. Ya kwanza imo mikononi mwetu. Watu wameongezeka, macho ya nyavu yamekuwa madogo, kokoro hukwangua ufuko, na samaki huvuliwa kabla hajajua kuzaa. Mwaka 1967 watu wa Mkoa wa Kigoma hawakufika nusu milioni. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni mbili na laki nne. Sababu ya pili haimo mikononi mwa mtu yeyote wa Ujiji. Maji ya juu ya ziwa yamepata joto. Rutuba ilishayo vijidudu vinavyoliwa na dagaa hulala chini kilindini, na pepo za kusi huyakoroga maji, kama mwiko ukorogavyo uji, zikaipandisha juu. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo huchoka kabla ya kuyachanganya. Mwaka 2003 wataalamu walioongozwa na Catherine O'Reilly walieleza katika jarida la Nature kwamba mabadiliko hayo yamepunguza uzazi wa vijimea vya majini kwa kiasi cha sehemu 20 katika mia, na wakakadiria kuwa samaki nao wamepungua kwa sehemu 30 hivi katika mia. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, waliosoma matope ya chini ya ziwa kama msomi asomavyo kurasa za kitabu cha kale, waliona kuwa upungufu ulianza kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaingia.

Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia. Katika deni hili la samaki, sehemu moja imekopwa na mvuvi, na sehemu nyingine imekopwa na watu ambao hawajapata kuliona ziwa hata katika picha. Moshi ulioleta joto hilo haukutoka katika majiko ya Ujiji.

Basi je, ni haki kumwamuru mwenye njaa leo angoje, ili mwenye kuzaliwa kesho apate kula? Wapo wajibuo upesi kwamba ni haki, nao huleta mfano wa mbegu. Mkulima mwenye akili hali mbegu zake zote, hata watoto wakilia. Mfano huu ni mzuri, nami naupokea; lakini hauishii hapo ulipokatwa. Mkulima afichaye mbegu hulala njaa pamoja na watoto wake. Hajifungii chumbani akala wali, huku akiwahubiria nje habari za msimu ujao. Akifanya hivyo mbegu itaota vilevile, maana ardhi haiulizi tabia ya mpanzi, lakini watoto watakuwa na haki ya kumwita jina jingine badala ya baba. Mfano wa mbegu, ukisomwa mpaka mwisho, wadai kwamba mwenye amri ya kunyima awe naye katika kunyimwa.

Watu wa ufuko huu walijua kuliacha ziwa lipumzike kabla ya serikali yoyote. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani ulikuwa moto wa kuni na matete, ikaja karabai, na siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Dagaa hufuata mwanga, na wavu huwakuta hapo walipokusanyika. Lakini mbalamwezi ikiwaka juu ya maji yote, taa ya mvuvi huwa kama mshumaa mchana. Kwa hiyo katika kila mwezi kuna siku saba, nane, hata kumi, ambazo vyombo hukaa pwani. Watu hushona nyavu, huziba mitumbwi, huenda shamba, huoa, huzika, hulipa madeni na kukopa upya. Ukijumlisha siku hizo za mwaka mzima, utaona kwamba mwezi hulifunga ziwa kwa muda usiopungua ule wa serikali.

Hata hivyo sijasikia mtu akiulalamikia mwezi. Kwa nini? Si kwa sababu hauumizi, maana siku za mbalamwezi ni siku za ukata katika kila nyumba ya mvuvi. Naona ni kwa sababu mwezi haumfungi mnyonge ukamwachia mwenye nguvu. Haupokei mlungula. Siku zake hujulikana hata na mtoto, kwa hiyo mwenye kuweka akiba huweka. Tena hufunga kwa kipimo ambacho mwanadamu aweza kukivumilia: siku chache, kisha giza hurudi na riziki yake. Mtu apatwapo na dhiki isiyo na upendeleo huiita mapenzi ya Mungu. Apatwapo na dhiki ile ile ikiwa imepinda kumwelekea yeye peke yake, huiita dhuluma. Wala hakosei kutofautisha.

Nimetaja saumu, na Ujiji ni mji wa saumu, basi nikae hapo kidogo. Mfungo wa Ramadhani nao huanza na kwisha kwa mwezi. Hufunga tajiri na hufunga hamali. Lakini sheria ya saumu ina jicho la huruma ambalo wengi husahau kuliangalia. Mgonjwa ana udhuru, msafiri ana udhuru, na mzee asiyeweza kabisa kufunga hutoa kibaba cha chakula kwa maskini badala ya kila siku moja. Na mfungo ukiisha, kabla ya sala ya Idi, kila mwenye uwezo hutoa pishi ya chakula kwa ajili ya kila mtu wa nyumba yake, hata mtoto aliyezaliwa jana, ili siku ya furaha isimkute mtu na njaa. Sheria hiyo imejua kwamba amri ya kukaa na njaa haiwezi kutolewa peke yake; lazima itembee na kipimo cha chakula. Kibaba na pishi vimo ndani ya sheria yenyewe. Havikuachiwa wema wa moyo wa mtu, wala havikungojea mfadhili wa nchi za mbali.

Sasa tutazame mfungo wa ziwa wa mwaka 2024, na tuulize nani alifunga na nani alifungwa.

Mwenye vyombo, ambaye huku huitwa tajiri hata kama utajiri wake ni mitumbwi miwili na mashine moja, alipata hasara. Lakini aghalabu ana nyumba ya kupangisha, au duka, au ng'ombe, na nyavu zake hazili. Kibarua wake hana hayo. Kibarua hapati mshahara. Hupata fungu katika mavuno ya usiku, baada ya kutolewa gharama ya mafuta na sehemu ya chombo. Pasipo usiku hapana fungu. Baada yake yuko mama mwanika dagaa, ambaye hununua alfajiri, hutandaza juu ya vichanja au mchangani, hugeuza, hufukuza kunguru, hulia mvua ikinyesha, kisha huuza. Mtaji wake ni mdogo, na mtaji mdogo una tabia moja mbaya: usipozunguka huliwa. Kaskazini na kusini yao wako walaji. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 samaki wa ziwa hili wamekuwa wakisafiri kwenda kulisha watu wasioujua mwalo wake. Kwa mlaji wa Dar es Salaam kufungwa kwa ziwa kulikuwa habari ya bei. Alikosa dagaa wa Kigoma, akala maharage, akasahau.

Na mimi mwandishi wa maneno haya nimo katika hesabu, tena si mahali pa heshima. Yule mama wa Katonga alipojua kazi yangu aliniambia, "Mwalimu, mimi sikatai samaki apumzike. Hata mimi napenda kupumzika. Lakini samaki akipumzika ziwa linamlisha. Mimi nikipumzika nani ananilisha?" Nilimjibu, "Mama, neno lako ni zito," jibu ambalo wasomi hulitoa wasipokuwa na jibu. Mshahara wangu wa Mei ulikuja, wa Juni ukaja, na wa Julai ukaja. Nilikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kwamba kufunga ni jambo la hekima. Nalisema hivyo hata leo. Lakini nililisema nikiwa nimeshiba, na maneno ya mtu aliyeshiba juu ya faida za njaa yapimwe kwa mizani ya peke yake.

Sisemi kwamba wakubwa walikaa kimya. Ulizungumzwa ufugaji wa samaki katika vizimba, na vizimba ni jambo jema. Lakini kizimba chataka fedha za kuanzia, vifaranga, chakula cha samaki, na miezi ya kungoja. Hakiliwi siku ya kwanza ya kufungwa. Hali kadhalika michikichi. Tangu mwaka 2018 serikali imehimiza sana zao hilo katika mkoa huu, na kituo cha utafiti cha Kihinga hutoa mbegu bora za Tenera zinazozaa mafuta mengi kuliko michikichi yetu ya asili. Naamini wajukuu wa Kigoma watashukuru. Hata hivyo mchikichi mpya hungojewa kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuzaa, na mtu asiye na kiwanja cha kupanda hata mchicha hana pa kuungojea.

Hapa twafika penye kiini cha shauri hili, nacho kiko nchi kavu. Tukilitazama ziwa peke yake hatutaelewa kwa nini mbalamwezi ilivumiliwa zamani na amri yavumiliwa kwa shida sasa. Mvuvi wa zamani wa Ujiji hakuwa mvuvi tu. Soko la Ujiji la karne ya kumi na tisa, ambako watu walinunua kwa shanga, lilikuwa na samaki, mawese, nafaka, muhogo, na chumvi ya Uvinza. Ziwa na shamba vilikuwa ghala moja lenye milango miwili. Mlango mmoja ukifungwa, mtu aliingia kwa mwingine. Tena majira yenyewe yalipangika vema, maana mvua huku huisha karibu na Mei, na miezi inayofuata ni miezi ya mavuno. Aliyechagua Mei mpaka Agosti kuwa muda wa kufunga ziwa, kama aliwaza hivyo au hakuwaza, alichagua wakati ambao shamba lina chakula. Kwa mwenye shamba.

Lakini watu wa ufuko huu wamehamishwa sana. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilikusanya watu wengi wa Buha katika makao mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 chama cha TANU kilitoa tamko la Siasa ni Kilimo kule Iringa, na mwaka huo huo watu wa Mkoa wa Kigoma walianza kuhamishiwa katika vijiji vilivyopangwa, wakaacha mashamba ya zamani na michikichi waliyoirithi. Kusini, Watongwe waliondoka katika milima ya Mahale, ambayo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na mpaka wa hifadhi hiyo huingia hata majini kiasi cha kilomita moja na nusu. Kila hamisho lilikuwa na sababu yake, na sababu nyingine zilikuwa njema. Malale si hadithi. Lakini ukizipanga sababu njema hizo zote katika mstari mmoja, waona kwamba kila mara aliyebeba mzigo mgongoni alikuwa yule yule.

Msomaji afuatane nami sasa mpaka Ilagala, kusini ya mji wa Kigoma, mahali Mto Malagarasi unapokaribia kuishia. Huu ndio mto mkubwa wetu uingiao ziwani. Umepita katika mabwawa na nyika ambazo mwaka 2000 ziliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia, eneo la kilomita za mraba 32,500, kisha hufika pwani umechoka, umebeba tope, ukagawanyika na kuitandaza rutuba hiyo katika delta yake. Watu hulima humo muhogo, mahindi, mpunga na michikichi, na wengi wao huvua pia. Hao ndio waliobaki na ile milango miwili ya zamani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zenye kuweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Shabaha ya sheria ni njema kabisa. Jembe likifika ukingoni, udongo huanguka mtoni, mto huupeleka ziwani, na tope hufunika mawe ambayo samaki hutagia mayai. Anayetaka samaki hana budi kuutaka ukingo wenye majani. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya mto wenye ukingo. Katika delta, ukingo ni nini? Mto umekuwa matawi mengi. Kati ya tawi na tawi huenda zisipatikane mita 120 za kugawana. Penye rutuba ndipo penye katazo, na palipo nje ya katazo ni mchanga na vichaka. Tena maji hayakai mahali pamoja. Ujiji, mahali penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, palikuwa karibu na maji. Leo ni mwendo wa miguu toka hapo mpaka ufukoni, kwa kuwa tangu mwaka 1878 ziwa lilifungua mlango wake wa Mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka. Kisha tangu mwaka 2020 tumeliona likipanda tena, likaingia katika nyumba, bandari na mialo, likamwendea mtu aliyekuwa amekaa mbali nalo kwa haki kabisa. Mtu huyo alilala akiwa mtu wa sheria, akaamka akiwa mvunja sheria, wala hakuhama hata hatua moja. Mita 60 kutoka wapi? Nimewauliza wenye elimu ya sheria, nao wana jibu. Lakini jibu lao lataka mpimaji, na mpimaji ataka posho.

Simtetei mkataji miti wala mvutaji kokoro. Ninalolionyesha ni kwamba amri mbili zilizo njema kila moja peke yake zaweza kukutana juu ya kichwa cha mtu mmoja zikawa ubaya. Amri ya ziwa humwambia mkazi wa delta: kwa miezi mitatu nenda shamba. Amri ya ukingo humwambia: shamba lako hapa si halali. Afisa wa samaki ameandika ripoti yake na afisa wa mazingira ameandika yake, kila mmoja amefanya kazi yake vema, na ripoti hizo hazikukutana mahali popote isipokuwa katika chungu cha mtu yule. Kutawala chakula ni kazi ya kuona chungu hicho. Serikali yaweza kujua idadi ya mitumbwi, ukubwa wa macho ya nyavu na ekari za michikichi, na bado isijue kilichopikwa jioni.

Wapo watakaonijibu kwamba sheria haiwezi kuwa mama wa kila mtu. Wakimpa udhuru huyu na yule, watasema, kila mwizi wa samaki atakuja na mtoto mgongoni, na ziwa litafungwa kwa maneno tu. Jibu hili lina nguvu. Nimeona jinsi udhuru mmoja unavyozaa kumi, na najua kwamba doria ya ziwa lenye nchi nne ni kazi ngumu hata pasipo udhuru. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya kufunga kikamilifu na kufunga kwa matundu, ningechagua kikamilifu, maana kufunga kwa matundu humfaidi mwenye mashine ya mbio na humwacha mwenye kasia.

Lakini hilo halijibu habari ya kibaba. Kutoa udhuru wa kuvua ni jambo moja, na kumlisha aliyekatazwa kuvua ni jambo jingine. La kwanza hutoboa sheria. La pili huitia nguvu, maana mtu aliyekula hana haja ya kutoroka usiku na wavu wake. Mtu akiuliza fedha za kibaba hicho zitoke wapi, nitamrudisha kwenye deni la samaki tulilolitaja mapema. Sehemu iliyokopwa na mvuvi ailipe mvuvi, kwa jasho na kwa saburi. Sehemu iliyokopwa na wenye moshi wa dunia, na iliyokopwa na mlaji wa mbali anayetaka dagaa wa bei ndogo, haina sababu ya kulipwa na kibarua wa Katonga kwa tumbo la watoto wake. Leseni, ushuru wa samaki wanaosafirishwa, na misaada inayoombwa kwa jina la ziwa, vyote vyaweza kukatwa fungu kabla ya Mei kufika. Vikundi vya ulinzi wa mialo vinawajua watu wao kwa majina. Vinajua nani ni tajiri mwenye nyumba ya kupangisha na nani hulala chini ya mtumbwi. Kama vyatumainiwa kukamata, kwa nini visitumainiwe kugawa?

Najua kwamba ugawaji nao una mlungula wake, na orodha za maskini zina desturi ya kuanza na majina ya shemeji za mwenyekiti. Sijadai kuwa kibaba ni kazi rahisi. Ninachodai ni kwamba ni sehemu ya amri, wala si sadaka iliyo pembeni ya amri; na kwamba amri iliyotolewa bila yake ni nusu ya amri, hata kama sahihi zote nne ziko chini yake.

Tarehe 15 Agosti 2024 ziwa lilifunguliwa. Kulikuwa na furaha katika mialo, na vyombo vilivyokuwa juu ya mchanga kwa siku tisini na zaidi vilisukumwa majini. Lakini aliyeweka tarehe hiyo alitazama kalenda ya ukutani, hakutazama juu. Mwezi ulikuwa na umri wa siku kumi hivi, na siku nne baadaye, tarehe 19, ulikuwa mpevu. Wavuvi wa dagaa walifunguliwa na serikali wakapokewa na mbalamwezi, na waliokuwa wamekopa mafuta kwa ajili ya usiku wa kwanza walirudi kukaa pwani kungoja giza. Nilipopita tena Katonga katika siku hizo, vichanja vingi vilikuwa vitupu. Yule mama alikuwa ameketi chini ya kivuli akichambua maharage, na jirani yake alimwuliza kama ziwa bado halijafunguliwa. Alijibu kwamba limefunguliwa. Sasa wanangoja mwenyewe afungue.